Alipigwa tochi, sasa hataki kusikia neno "jinai"

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mume wangu amelala na hatujasemezana tangu juzi. Ugomvi wenyewe ukiusikia utauona mdogo, lakini umenikaa kifuani.

Miezi minne iliyopita mume wangu alipigwa tochi. Kibao kilisema 50, yeye alikuwa kwenye 84. Nilikuwemo garini, nimekaa mbele, na mtoto wetu wa miaka sita amelala kiti cha nyuma. Mbele kidogo ya pale kuna kivuko cha watembea kwa miguu. Askari akamwonyesha namba kwenye kile kifaa, mume wangu akaitazama, akasema tu "sawa, afande", akaandikiwa karatasi. Faini aliilipa wiki ileile. Karatasi akaitupia kwenye droo tunayowekea vibiriti na betri zilizokwisha, nami nikadhani habari imeishia hapo.

Sasa ameomba kazi ya kusimamia stoo, na mara mojamoja atahitajika kuendesha gari la kampuni. Fomu ina swali: "Je, umewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai?" Kisha kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha Hapana. Akaweka alama kwenye Hapana na kuendelea na swali linalofuata. Nikamuuliza, "Na ile ya spidi je?" Akacheka. Akasema jinai ni wizi, jinai ni kumtoa mtu roho, yeye alikanyaga mafuta tu. Kwamba hakudhamiria, hata hakuangalia dashibodi. Kwamba hakumgusa mtu. Kwamba hakufikishwa mahakamani, alilipa yakaisha. Na kwamba barabara ile kila mtu anapita hivyohivyo.

Nikamwambia kosa la barabarani ni kosa la jinai, nimewahi kusikia hivyo. Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo umeolewa na mhalifu?" Nami kwa hasira nikajibu, "Sheria ndiyo inasema, si mimi." Tangu hapo nyumba imenyamaza.

Shangazi, kuna jambo sijamwambia. Tangu siku ile ya tochi hajapunguza mwendo. Tukiwa naye garini nashika kile kishikio cha juu ya mlango mpaka vidole vinakufa ganzi. Akiniona ananiambia simwamini. Labda ni kweli.

Naomba unijibu: kuendesha kupita kiwango ni jinai au si jinai? Na ile fomu aijazeje?

Mke mwenye hofu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maana najua fomu inasubiri. Katika nchi nyingi, kuendesha kupita kiwango kilichowekwa kunahesabiwa katika makosa ya jinai, ya ngazi ya chini kabisa. Katika nchi nyingine kumetolewa huko na kuwekwa kwenye kapu lake, kosa la kiutawala. Lakini kokote kulikowekwa kiwango, kukipita ni kosa, na hakuna dereva anayeruhusiwa kusema "mimi halinihusu". Kwa hiyo mumeo anapodai jinai ni wizi na mauaji tu, amekosea. Nawe ulipomwacha abaki na lile neno "mhalifu" mkononi, bila kumpokonya, uliteleza. Nitakueleza kwa nini.

Miaka mingi iliyopita nilikaa mahakamani nusu siku nikisubiri shauri la ndugu yangu la mpaka wa shamba. Kabla yetu walipita wengine. Akapanda kizimbani kijana aliyeshtakiwa kuiba simu, akasomewa shtaka, akaulizwa kama ni kweli, akasema si kweli, akashushwa. Akafuata baba mmoja wa makamo, kavaa koti, ana kalamu mbili mfukoni. Shtaka lake: kuendesha gari kwa mwendo unaozidi uliowekwa. Alisimama palepale aliposimama yule kijana, mikono akaiweka kwenye ubao uleule uliong'aa kwa viganja vya watu. Akasomewa kwa mpangilio uleule wa maneno, akaulizwa swali lilelile. "Ni kweli, mheshimiwa." Hakimu akaandika, akataja faini. Yule baba akabaki amesimama kidogo, kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba lake ni tofauti. Karani akamwonyesha mlango.

Sura yake bado ninayo. Hakuna aliyemwita mhalifu pale ndani, na sidhani kama kuna aliyemfikiria hivyo. Ila utaratibu uliomshika ulikuwa wa jinai kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Na sababu yake si ngumu kuielewa. Penye mfumo wa sheria uliotokana na ule wa Uingereza, mashauri yamegawanyika pande mbili kubwa. Upande wa madai ni mtu na mtu: umeniharibia ukuta, nilipe. Ndugu yangu na mpaka wake alikuwa huko. Upande wa jinai, dola ndiyo inayomshitaki mtu kwa kuvunja katazo, na mwisho wake ni adhabu. Sasa jiulize, mumeo nani alimdai? Hakuna jirani aliyesema ameharibiwa kitu. Askari alimshika kwa niaba ya dola na faini ikaenda kwa dola. Kosa la namna hiyo, penye mgawanyo huo, huangukia jinai hata likiwa dogo kama kidole.

Tena si jambo la jana. Mtu wa kwanza kuhukumiwa Uingereza kwa mwendo kasi wa gari ni Walter Arnold, Januari 1896. Alipita kijiji cha Paddock Wood, huko Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa, yaani kama kilomita 13, mahali ambapo sheria iliruhusu maili 2. Polisi alimfukuza kwa baiskeli mpaka akamkamata. Kwa mwendo wake faini ilikuwa shilingi 1. Tangu gari lianze kutembea barabarani, mwendo wake umekuwa jambo la dola.

Lakini usikimbilie kumwamsha umwambie umeshinda, maana hoja yake ya nne ina uzito kuliko anavyojua mwenyewe. Alisema alilipa yakaisha, hakufika mahakamani. Huko huko Uingereza kosa lenyewe ni la jinai kisheria, na hata hivyo dereva akipewa notisi ya faini ya papo kwa papo, akaikubali na kuilipa, hahesabiwi kuwa ametiwa hatiani. Pointi zinaingia kwenye leseni, lakini hukumu ya jinai hana. Akiikataa notisi, akaenda mahakamani na kushindwa, hapo anatoka na hukumu. Gari lilelile, mwendo uleule, tofauti ni njia shauri lilikopitia. Fomu ya mumeo haikuuliza kama amewahi kutenda kosa. Imeuliza kama amewahi kupatikana na hatia. Hayo ni maswali mawili, na nyumba nyingi zimegombana kwa kuyachanganya.

Kuna nchi zilizochagua kugawa makosa kwa namna nyingine kabisa. Ufaransa ina ngazi tatu, na mwendo kasi wa kawaida umewekwa kwenye ile ya chini kuliko zote, mbali na ngazi ya juu wanayoweka mauaji. Huko mumeo angefurahi. Ujerumani nao wameyaondoa makosa madogo ya barabarani kwenye jinai, yanashughulikiwa na ofisi ya utawala kwa barua na faini. Lakini asifurahi sana: kwa kuzidisha 34 ndani ya mji, Ujerumani ingempiga faini, ingemwandikia pointi 2 na kumnyang'anya ruhusa ya kuendesha kwa mwezi mmoja. Lisiloitwa jinai halijawa jepesi.

Hapo kwa Wajerumani nataka nisimame kidogo, kwa sababu swali lako lilishawahi kufikishwa mbele ya majaji wakubwa. Mtu mmoja mwenye asili ya Uturuki, jina lake Öztürk, aligonga kwa gari lake gari lililokuwa limeegeshwa. Akaandikiwa faini ndogo ya kiutawala. Akaipinga mahakamani, akahitaji mkalimani, kisha akaletewa bili ya mkalimani. Akalalamika: mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya unasema anayeshtakiwa kwa jinai hupewa mkalimani bure. Serikali ikajibu kwamba hii si jinai, tulishaitoa huko. Mwaka 1984 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, ikampa haki Öztürk. Ikasema nchi iko huru kuliita kosa jina inalotaka, lakini katazo likiwa linawahusu watu wote wanaotumia barabara, na adhabu yake imekusudiwa kuadhibu na kuzuia, basi kwa upande wa haki za mshtakiwa hilo ni shauri la jinai.

Naipenda hukumu hiyo, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mumeo hajakiona. Neno "jinai" linamlinda pia. Ndilo linalomfanya dereva awe na haki ya kuelezwa anashtakiwa nini, kukana, kuuliza kifaa kilipimaje, kusikilizwa. Mtu akisema "hii si jinai, lipa upite", wakati mwingine anakupunguzia aibu na kukupunguzia haki kwa pamoja.

Sasa lile la kwamba hakudhamiria. Katika makosa mengi makubwa, mwendesha mashtaka lazima aonyeshe nia: ulichukua simu ukijua si yako. Mwendo kasi, kwa kawaida, haudai hivyo. Inatosha kwamba ulikuwa dereva, kiwango kilikuwa hiki, na ulikipita. "Sikuangalia dashibodi" hakuwi utetezi. Mimi naona ni ungamo la kosa la pili, kwa sababu kuangalia dashibodi ni sehemu ya kuendesha. Na hilo la kila mtu anapita hivyo nalo sioni la kulijibu, hata yeye akiambiwa na mtoto wake kwamba darasa zima halikuandika kazi ya nyumbani hatakubali.

Kuna mahali kiasi cha kuzidisha ndicho kinachobadilisha jina la kosa. Virginia, Marekani, ukizidisha kiwango kwa maili 20 kwa saa au zaidi, kama kilomita 32, shtaka linageuka kuwa kuendesha kizembe, kosa la jinai kamili linaloweza kukufunga hadi miezi 12. Mumeo alizidisha kilomita 34. Sisemi yuko Virginia. Nasema tu kwamba kile anachokiita "kukanyaga mafuta" kuna watu wamekaa wakakipima, na wakaona kiasi chake kinatosha kumpeleka mtu jela.

Amesema pia hakumgusa mtu. Mwanangu, hapa ndipo nilipoweka kalamu chini nikatafuta karatasi nyingine, nikapiga hesabu. Chukua lami kavu, breki nzima, dereva aliye macho anayechukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga. Akiwa kwenye 50, gari linasimama baada ya mita 28 hivi. Sasa mpe 84. Katika ile sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki, gari limeshakula mita 23. Zimebaki mita 5 kufika pale ambapo gari la 50 limesimama tuli. Anapopita pale, breki zikiwa zinalia, bado yuko kwenye 79. Atasimama mita 62 kutoka alipoanza. Mtoto aliyekuwa kwenye kivuko, ambaye gari la 50 lingesimama mbele yake akafika ng'ambo, hili la 84 linamkuta kwa kilomita 79 kwa saa.

Ulisema kivuko kilikuwa mbele kidogo. Siku ile kilikuwa kitupu. Kama kingekuwa na mtu, mumeo asingefanya kitu tofauti hata kimoja: mguu uleule, dakika ileile, lakini shtaka lingekuwa la kusababisha kifo. Uingereza hawamfungi mtu kwa mwendo kasi mtupu, lakini anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, tangu 2022, anaweza kufungwa maisha. Kati ya faini na kifungo cha maisha kulikuwa na mtu kuvuka au kutovuka, na hilo halikuwa mikononi mwa mumeo.

Turudi kwenye fomu, na hapa naomba msome pamoja.

Itoeni ile karatasi kwenye droo. Isomeni juu hadi chini, na nyuma yake pia. Mnachotafuta ni hiki: ni notisi ya faini iliyolipwa na kufunga shauri, au ni hati ya mashtaka, au ni hukumu ya mahakama? Imetaja kifungu gani cha sheria? Je, kulipa kunahesabiwa kuwa kukiri kosa na kutiwa hatiani? Nchi hazifanani hapo. Kuna ambako kulipa kunafunga jambo bila hatia yoyote kuandikwa, na kuna ambako ukilipa umekiri na inaandikwa hivyo. Karatasi isipowaambia, mwende kwa wakili au dawati la msaada wa kisheria mkiwa na karatasi mkononi. Swali lenu ni la dakika tano.

Kisha msome swali la fomu neno kwa neno, pamoja na maandishi madogo ya chini. Fomu nyingi huongeza "isipokuwa makosa madogo ya barabarani", na ikiwa hivyo kwenu, mmegombana bure. Nyingine, hasa za kazi yenye kuendesha gari, huuliza kando kabisa: umewahi kuadhibiwa kwa kosa la barabarani? Likiwepo hilo, jibu ni Ndiyo, na kando yake sentensi moja: tarehe, mwendo, faini imelipwa. Bila maelezo marefu. Mwajiri anayeajiri madereva ameshaona faini nyingi za spidi. Kinachomsumbua ni kugundua baadaye kwamba aliambiwa Hapana na mtu aliyekuwa na Ndiyo kwenye droo. Kutoa maelezo ya uongo kwenye fomu kunaweza kumfukuzisha kazi hata baada ya miaka, na mahali pengine uongo huo wenyewe ni kosa, tena lenye nia ndani yake. Hapo ndipo ile hoja ya "sikudhamiria" itakapokuwa imekwisha kabisa.

Akikuta kwamba kwa sheria yenu hakutiwa hatiani, na fomu imeuliza hatia ya jinai tu, basi aliweka alama mahali sahihi, nawe umwambie hivyo kwa mdomo wako. Usimnyime.

Kuhusu "mhalifu". Sheria inataja kitendo. Mtu aliyezidisha mwendo ametenda kosa, amelipa, amemaliza deni lake kwa dola. Kwa kawaida yetu ya kusema, mhalifu ni mtu aliyeufanya uhalifu kuwa njia yake. Alipokuuliza kama umeolewa na mhalifu, hakuwa anauliza sheria. Alikuwa anauliza unamwonaje. Ukamjibu kwa sheria. Ndiyo maana amenyamaza, na mimi kwenye hilo namwelewa.

Mwambie: sikuolewa na mhalifu. Halafu mwambie lile uliloniandikia mimi usiku, la vidole kufa ganzi. Hujamwambia, mwanangu. Umemshindania neno siku mbili, na hofu yenyewe umeificha mkononi, kwenye kishikio. Yeye akiona mkono ule anasoma dharau. Mwambie unachokiona ni kile kivuko, na mtoto wenu amelala nyuma. Usimwambie mkiwa barabarani, wala mbele ya mtoto. Chagua saa gari likiwa limezimwa. Na uwe na ombi moja linaloshikika: nikiwa ndani na mtoto, mshale usipite kibao. Kama baada ya hapo hapunguzi, una haki ya kusema leo tutapanda basi, na kumshika mtoto mkono mkashuka. Sisemi hivyo kwa wepesi, najua litamuuma.

Anza na karatasi, lakini. Kesho asubuhi, kabla fomu haijatumwa, ivueni kwenye vibiriti na betri, mkae mezani wawili, aisome yeye kwa sauti. Ukipata nafasi uniandikie imesema nini.

Shangazi